Maji Yasiyo na Moyo

Mjukuu wangu, daftari lako la biolojia nimelisoma. Umepata 10 kwa 10 katika swali la tofauti kati ya damu na limfu, na mwalimu amekupigia vema kila mstari. Umechora jedwali, ukapiga mstari katikati kwa rula, damu ukaiweka kushoto na limfu kulia. Damu ni nyekundu, limfu ni maji maji ya manjano hafifu. Damu ina seli nyekundu, limfu haina. Damu inasukumwa na moyo, limfu haina moyo. Damu inazunguka na kurudi ilikotoka, limfu inakwenda njia moja tu. Yote ni kweli na sina la kusahihisha. Kinachonichosha ni huo mstari wa rula. Ndani ya mwili haupo.

Haya niliyasema kwa baba yako, nikayasema kwa shangazi zako, nikayasema kwenye baraza hii kwa watu ambao nusu yao tumekwisha kuwazika. Miaka 30 kazi yangu ilikuwa kupima damu, na miaka 20 sasa nauburuta mguu huu. Nilidhani nimemaliza kusema. Halafu juzi nasikia kwamba wagawa dawa walipopita mtaani, wakakupima kimo kwa ile fimbo yao na kukupa vidonge, wewe ulivibana shavuni, ukaenda ukavitema nyuma ya mkorosho. Sikugombezi. Ningekuwa na nguvu za kugomba ningegomba. Vuta hiyo mbuzi ya bibi yako uikalie, unisikilize mpaka mwisho.

Na vizuri umekalia mbuzi, maana tutaanzia kwenye nazi. Bibi yako akishakuna hutia maji, akafikicha, akakamua kwenye kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Damu nayo inakamuliwa vivyo hivyo, saa zote, hata ukiwa umelala. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na moyo uliotulia husukuma kiasi hicho hicho kwa dakika moja. Damu inatoka kwenye mishipa mipana, inaingia kwenye myembamba, mpaka inafika kwenye kapilari, ambamo seli nyekundu hupita moja moja, tena kwa kujikunja. Kuta za kapilari ndizo kifumbu chenyewe. Msukumo wa moyo unakamua, na maji yenye chumvi, sukari na vyakula vingine yanachuruzika nje kwenda kuzilowesha seli za nyama. Seli nyekundu zinabaki ndani, na protini nyingi kubwa zinabaki ndani. Hapo mfano wangu unachechemea kama mimi mwenyewe: machicha sisi tunawamwagia kuku, na mwilini machicha ndiyo yenye thamani.

Sasa shika hesabu ambayo hamkuandikiwa ubaoni. Vitabu tulivyofundishiwa sisi vilisema kwamba maji yanayochuruzika hivyo kwa siku moja ni lita 20 hivi, na kwamba 17 kati yake hurudi yenyewe kwenye kapilari, yakivutwa na zile protini zilizobaki ndani. Waliokuja baada yetu wanasema yanayorudi yenyewe ni machache kuliko tulivyodhani. Tuchukue hiyo hesabu ya zamani, inatosha kukutisha. Lita 3 zimebaki nje. Na plazma yote uliyonayo, yaani damu ukiitoa seli zake, ni kama lita 3. Kwa hiyo pasingekuwa na wa kuyaokota maji hayo na kuyarudisha, kesho wakati kama huu ndani ya mishipa yako pangekuwa na tope, na wewe mwenyewe umevimba kama maiti aliyeopolewa baharini.

Mwokotaji ndiye limfu. Katikati ya seli kuna vijishipa vilivyozibwa ncha moja, na kuta zake ni kama pazia: maji yakijaa nje pazia linaachia, yanaingia, yakitaka kutoka, pazia linajifunga. Maji hayo yakiwa ndani ya mshipa wa damu tunayaita plazma. Yakiwa kati ya seli tunayaita maji ya tishu. Yakishavuka pazia tunayaita limfu. Yakifika begani na kumiminwa kwenye damu, ni plazma tena. Maji ni yale yale. Mimi hapa nyumbani naitwa Babu, msikitini naitwa Mzee, kazini waliniita Mpimaji, na hakuna aliyenipiga mstari wa rula katikati.

Uliandika kwamba limfu haina moyo, ukapewa vema, ukahamia mstari wa chini. Mimi hapo ningekaa kwanza. Kitu kisicho na moyo kinapandaje kutoka kwenye unyayo mpaka begani? Mashua ya injini haina maswali, injini inanguruma na mashua inakwenda. Lakini ngalawa ikiwa kwenye maji mafupi na upepo umekufa, haiendi mpaka mtu ashike upondo. Limfu ni chombo cha upondo. Unapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu inabinya vile vijishipa, maji yanasogea juu kidogo, na vali inajifunga nyuma yake yasirudi. Hatua nyingine, kidogo tena. Ukivuta pumzi, kifua nacho kinayavuta. Mishipa yake iliyo mikubwa ina misuli kidogo ya kujikamua yenyewe. Basi, nguvu yake ni hiyo. Ukipanda basi asubuhi pale Tanga mjini ukashuka Dar es Salaam hujanyanyuka kitini, viatu vinakubana. Hakuna aliyekuroga. Ulikaa, na mwenye upondo alilala.

Kuna jambo jingine limekosekana kwenye jedwali lako, na mimi hulipenda kuliko yote. Ukila wali wa nazi, sukari inayotokana na wanga inapita moja kwa moja kwenye damu na kwenda kwenye ini. Mafuta mengi hayapiti huko. Yanaingia kwanza kwenye vijishipa vya limfu vya utumbo mwembamba, na limfu ya hapo inageuka nyeupe, nyeupe ya tui hasa. Mwaka 1622 huko Italia tabibu mmoja, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetanda juu ya matumbo. Akadhani ni neva. Akakata mmoja, ukatoka maji meupe kama maziwa. Akatafuta mbwa mwingine, mwenye njaa, akampasua, hakuona kitu. Ndipo alipotambua kwamba zile nyuzi ni mishipa, na kwamba shibe ndiyo iliyoidhihirisha. Yeye akaamini inaelekea kwenye ini. Mfaransa Jean Pecquet ndiye aliyeufuata mkondo huo mpaka mwisho wake, akaandika mwaka 1651 kwamba unapanda kifuani mbele ya uti wa mgongo na kumwaga kwenye vena karibu na shingo. Mfereji huo una urefu wa sentimita 40 hivi, unamwaga upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Mkono wa kulia na nusu ya kulia ya kichwa na kifua vina mfereji wao mfupi. Gusa hapo juu ya mtulinga wako wa kushoto. Kilichovuja kutoka kwenye damu ya miguu yako leo na kuokotwa na limfu, kinapita hapo kurudi.

Damu imepata wasemaji tangu zamani. Ibn al-Nafis, aliyefia Cairo mwaka 1288, alikwisha kuandika kwamba damu inapita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili. William Harvey akatoa kitabu chake cha mzunguko wa damu mwaka 1628. Hata watu wasiojua kusoma wanaiogopa damu, wanaiapia, wanaitolea kafara. Limfu nani anaiapia? Ukijikwaruza magoti mchangani, kabla damu haijatoka yanatoka yale majimaji. Unayafuta kwa kiganja unasema, alhamdulillahi, si kitu.

Mwaka juzi ulichomwa na mwiba wa samaki ng'ambo kule Bweni, ukaficha. Siku ya tatu ukaanza kutembea umechanua miguu, na bibi yako akakushika kinenani akasema, ana mtoki huyu, ana kidonda mguuni. Hakuuona mguu, alijua. Bibi yako hakusoma biolojia lakini hapo alikuwa sahihi kuliko jedwali. Njiani limfu inapita kwenye tezi, mamia ya tezi, za kinenani, za kwapani, za shingoni, nyingine zimefichika tumboni na kifuani. Kila tezi ni kama kizuizi cha barabarani: maji yanapita, vijidudu vinasimamishwa. Seli nyeupe zimejaa humo. Zikimtambua adui zinazaana kwa maelfu, tezi inavimba, inauma, na huo ndio mtoki. Na askari hao walifikaje hapo? Kwa damu. Wanasafiri kwenye damu, wanashukia kwenye tezi, wanakikagua kilicholetwa na limfu, wasipokuta kazi wanaondoka na limfu hiyo hiyo mpaka begani, wanaingia tena kwenye damu, wanazunguka tena. Sasa niambie, seli hiyo utaiandika kushoto mwa rula au kulia?

Njia hiyo haichagui mpitaji. Saratani ya titi hupenda kutangulia kwapani, ndiyo sababu daktari alimshika shangazi yako kwapani kabla ya kumwuliza chochote. Sumu za nyoka wengi nazo hupita humo, na kwa kuwa limfu husukumwa na misuli, aliyeumwa akikimbia anaisaidia sumu kwa miguu yake. Hakimbii huyo. Analazwa, mguu unatulizwa usichezecheze, anabebwa mpaka hospitali. Na ile mipira mnayofunga mpaka mguu unakuwa mweusi, mtakuja kukatisha watu miguu. Nimetoka nje ya mada. Narudi.

Nilipoajiriwa nilikuwa na miaka 24. Kazi yetu ilikuwa ya usiku. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 8 tulipita nyumba hadi nyumba na karabai, tunawatoboa watu vidole, tunakusanya tone la damu juu ya kioo. Watu walituita mumiani. Wengine walitufungulia mbwa, na siwalaumu sana, maana nani anakuja kuomba damu usiku wa manane kwa nia njema? Lakini mchana kazi hiyo haifai. Viluwiluwi vya minyoo ya matende mchana vinajificha kwenye mishipa ya mapafu, damu ya kidole unaikuta safi. Usiku vinatoka kwenda kwenye mishipa ya ngozini, saa zile zile mbu anazouma. Nani alivifundisha saa, Mola ndiye ajuaye.

Usiku wa kwanza mkubwa wangu aliniambia nijitoboe mwenyewe, nijifunze mkono usitetemeke. Nikaweka tone langu chini ya hadubini. Vilikuwemo. Vinapepesuka katikati ya seli nyekundu kama vipande vya uzi, vinazisukuma huku na huku. Nilikuwa mzima kabisa, nabeba gunia la nazi begani, sijawahi kuumwa ila homa mbili tatu. Nikajifunza usiku ule kwamba mtu anaweza kubeba ugonjwa wa jirani yake na asijue.

Maana mambo yako hivi. Mnyoo mkubwa wa matende haukai kwenye damu. Unakaa kwenye mishipa ya limfu, jike lina urefu wa sentimita 8 mpaka 10, jembamba kama uzi wa kushonea, na linaishi humo miaka 6 hivi au zaidi. Limejikunja kwenye mshipa, mshipa unatanuka, vali zinashindwa kufunga. Wanao hawakai na mama. Wanafuata mkondo, wanapanda na limfu mpaka begani, wanaingia kwenye damu. Mbu anakuja usiku, anawanywa. Wanakaa ndani yake siku 10 mpaka 14, wanakua, kisha akimuuma mwingine wanashuka kwenye ngozi, wanapenya, wanaitafuta tena limfu. Patrick Manson ndiye aliyeona mwanzo wa jambo hilo mwaka 1877 kule Amoy, China, kwenye mbu waliomuuma mtunza bustani wake mwenyewe. Basi umeona? Nyumba yao ni limfu, barabara yao ni damu. Anayezijua damu na limfu kwa jedwali tu, mnyoo unamshinda elimu.

Mimi walinipa vidonge vya enzi hizo, dozi ya siku 12. Siku ya kwanza kichwa kikauma, ya pili homa, ya tatu nikatetemeka usiku kucha, maana viluwiluwi vikifa kwa wingi ndani ya damu mwili unafanya fujo. Siku ya nne nikavitupa chooni vilivyobaki. Nikaendelea kuwatoboa watu vidole na kuwahimiza wamalize dozi. Hili hata baba yako sijamwambia. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na mdogo wangu, babu yako mdogo, yule aliyekuwa akivaa kanzu pana. Unakumbuka watoto walivyokuwa wakimwimbia njiani kwa ajili ya busha lake, na wewe ukiwa mmoja wao. Siwezi kuapa kwamba minyoo yake ilitoka kwangu. Mbu mmoja hatoshi, mtu hung'atwa mara nyingi sana ndipo minyoo ishike. Lakini mbu wa chumba kile walikuwa wakinywa kwangu, wakihamia kwake, miaka na miaka. Alikufa hajafanyiwa upasuaji, aliona haya kumwonyesha daktari.

Mguu wangu ulinijia nikiwa na miaka hamsini na kitu. Mara mitoki, mara homa ya siku mbili, mguu unakuwa mwekundu na moto, unapoa, unabaki mnene kidogo kuliko jana. Nikajitoboa kidole tena saa 6 usiku. Damu safi, hakuna hata kimoja. Nikajitoboa wiki iliyofuata. Safi. Ndivyo ilivyo kwa wengi: mguu unapofura, damu imekwisha kunyamaza zamani. Mnyoo umekufa, na mifereji imeharibika. Lita zile zinachuruzika kila siku kama kawaida, mwokotaji amevunjika mgongo, maji yenye protini yanakaa chini ya ngozi, ngozi inakuwa nene, inafanya makunyanzi. Usije ukasema kila mguu mnene ni matende. Moyo ukidhoofu miguu inavimba, figo zikivujisha protini miguu inavimba, hao wapelekwe hospitali haraka. Wangu ni matende, nimeujua kazini kabla haujafika nyumbani.

Hakuna kidonge cha kuunyoosha mguu huu. Hilo wagawa dawa wenyewe hulisema, na nyinyi mnalisikia nusu, mnasema basi dawa ni bure. Vidonge vile vinasafisha damu. Vinaua viluwiluwi vilivyo barabarani, mbu akija asipate cha kubeba. Minyoo mikubwa inaweza kubaki kwenye limfu na kuendelea kuzaa, ndiyo maana dozi inarudiwa kila mwaka, mpaka izeeke na kufa bila mtoto aliyefika kwa mwingine. Mafia walianza kugawiwa dawa hizo mwaka 2000, kisha wilaya nyingine zikafuata. Malawi, jirani zetu wa kusini, Shirika la Afya Duniani limekwisha kuthibitisha tangu 2020 kwamba matende si tatizo la umma kwao tena. Hawakuwa na damu tofauti na yetu. Walimeza.

Najua mlichoambizana nyuma ya mkorosho. Kwamba vidonge vinaua nguvu za kiume. Baba yako amemeza kila mara wagawaji walipopita, na wewe ukazaliwa, na wadogo zako wanne nyuma yako, na mama yako ameanza kulalamika. Na busha, mjukuu wangu, busha linakaa wapi? Mnavikimbia vidonge vinavyokilinda mnachokiogopea. Kichwa kuuma kidogo, homa kidogo ya siku moja, hilo linaweza kutokea, nami nimekwambia sababu. Mjamzito hapewi, mtoto chini ya miaka 5 hapewi, mgonjwa aliyezidiwa hapewi. Wewe hutajwi humo.

Kisha mbu. Yule wa kelele anazaliana kwenye maji machafu, kwenye shimo la choo chetu lililopasuka mfuniko, ambalo nimeomba lifunikwe tangu mvua za masika. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Makunduchi, Unguja, walimwaga kwenye mashimo ya vyoo chembe nyepesi za plastiki zinazoelea. Zikatanda juu ya maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi, na mbu wakapungua sana. Sikutumi ukanunue plastiki. Nataka bati moja na misumari, na chandarua chako kishuke kabla hujalala, si baada.

Mguu wenyewe una kazi yake ya kila siku na umeniona nikiifanya ukadhani ni udhu unaochukua muda mrefu. Maji na sabuni, taratibu, mpaka kwenye mikunjo yote. Kukausha kwa kitambaa safi, hasa kati ya vidole, kwa kuwa hapo ngozi ikipasuka bakteria wanaingia, na limfu iliyosimama haina askari wa kutosha kuwafukuza. Kila homa inayonishika inaongeza unene ambao hautoki tena. Kisha kuuinua juu ya mto ninapokaa, kuzungusha kifundo, kunyanyua kisigino na kushusha, mara nyingi, nisaidie upondo uliobaki. Viatu visivyobana. Tangu nianze hivyo homa zilizokuwa zikinijia kila mwezi sasa hupita mwaka hazijaja. Mguu haujarudi kuwa wa kijana, ila kidonda hauna, na harufu hauna, na msikitini watu wanakaa karibu yangu.

Nimechoka sasa. Andaa beseni, ile sabuni ya kipande na kitambaa kikavu, uje unisaidie vidole vya nyuma ambavyo mgongo hauniruhusu kuvifikia. Kesho ukishakunywa uji tunakwenda zahanati mimi na wewe, wanasema waliokosa bado wanapewa. Tutakwenda kwa miguu, polepole, ni dawa yangu hiyo. Utameza mbele yangu, na ukimaliza utafungua mdomo na kuinua ulimi nione.